Mapovu

Kitabu hiki hakina hata neno.
Bi Helju wa maktaba alinikabidhi kwa mikono miwili,
kama bakuli la uji wa moto.
"Wapo wazazi," alisema, "wanaokirudisha kesho yake asubuhi."
Nje ni Haapsalu, saa kumi jioni, giza limeshatanda,
theluji inafagiwa, inaanguka, inafagiwa tena.

Usiku Leelo akapanda kitandani na soksi zake za sufu.
Soma, akasema.
Nisome nini? Picha tupu.

Picha ya kwanza: mama ameketi kitini,
sakafuni maji, kiasi cha kulowesha nyayo.
Hakuna bomba lililopasuka. Dirishani hakuna mvua.
Mtoto wa kitabuni anachezea kijiko.
Picha ya pili, maji ya vifundoni.
Ya tatu, maji ya magoti, na mama hajajitikisa,
uso ameuelekeza ukutani,
na mtoto anapandisha viatu juu ya kabati,
jozi baada ya jozi, vya mama kwanza.

Nikaanza kutunga. Mdomo wa baba haukosi neno.
Nikasema: mama anangoja chai ichemke.
Nikasema: maji haya ya kufulia, yatakauka.
Nikasema: hapa wanacheza mchezo wa kisiwa.
Leelo akanitazama
jinsi mwenye duka anavyoitazama noti anayoishuku.
"Baba, hayo hayajaandikwa."
"Hakuna kilichoandikwa, Leelo."
"Ndiyo. Basi soma hivyo hivyo."

Tukasoma hivyo hivyo.
Maji ya kiuno.
Maji ya kifua.
Maji ya shingo.

Nilikuwa nimekipitia jikoni, peke yangu,
nikajua picha gani inafuata.
Nikabana karatasi mbili kwa dole gumba,
nikazifunua kama moja.
Upande wa pili meza imegeuka chombo,
mtoto anapiga kasia kwa kijiko chake,
taa ya dari inamgusa nywele.
"Umeruka," akasema.
"Sijaruka."
Akalamba kidole, akarudi nyuma, akazitenganisha taratibu,
kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mwenziwe.

Hapo yupo mama. Chini ya maji kabisa.
Kiti kilekile. Macho wazi.
Nywele zimesimama juu ya kichwa, zinayumba,
ingawa picha haiyumbi.

Virve yuko chumba cha pili. Wiki ya tatu sasa
analala na kuamka akiuangalia ukuta.
Mtoto ninamwambia: mama ana mafua.
Mama mkwe, kwa simu, ninamwambia: ana mafua.
Mafua gani hayana chafya.

Nikangoja Leelo alie. Bega nilishaliandaa.
Yeye akainama mpaka pumzi yake
ikatia ukungu kwenye karatasi,
akaufuta kwa mkono wa nguo ya kulalia,
akaweka ncha ya kidole puani mwa mama.
"Hajafa," akasema. "Ona mapovu."

Matatu. Madogo kama vichwa vya pini.
Mara nne nilikitazama kitabu kile
nikitafuta mahali pa kumficha mtoto,
sikuyaona.
Aliyechora aliyachora kwa penseli hafifu
akamwachia atakayeinama.

"Mwisho tutauona kesho," akasema, akakifunga,
akakisukuma chini ya mto wake, si wangu.
Akalala papo hapo.
Faini ya maktaba ni senti kumi kwa siku.
Nitailipa.

Ukumbini nikasimama miguu mitupu,
mlango wa Virve mbele yangu.
Maneno niliyokuja nayo, ya chai, ya kisiwa,
nikayaacha pale pamoja na kandambili.
Nikatega sikio kwenye ubao.

Povu moja.
Nikangoja.
La pili.

La tatu lilichelewa;
nikafungua mlango.